Herufi ya Kwanza ya Neno: Mpangilio wa Alfabeti katika Kamusi, kutoka Kiingereza hadi Kingoni

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mjini Songea aliyelisikia neno ‘knife’ darasani, kisha akafungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ili kulitafuta, ana kila sababu ya kuanzia kwenye herufi N. Miaka yake yote ya shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, lugha ambayo huandikwa karibu sawasawa na inavyotamkwa, na sikio lake limemwambia ‘naifu’. Neno lenyewe limo katika herufi K. Mwanafunzi huyohuyo akifungua kamusi ya Kiswahili kutafuta maana ya ‘ndimi’, itambidi aende kwenye herufi U, kwa kuwa maelezo yamewekwa chini ya ‘ulimi’. Na siku atakapokwenda maktaba kutafuta kitabu kuhusu lugha ya bibi yake, itambidi aamue kama atatazama herufi C, K au N: wenyewe huiita lugha hiyo Chingoni, kwa Kiswahili huitwa Kingoni, na orodha nyingi za Kiingereza huiita Ngoni.

Mambo hayo matatu yana chanzo kimoja. Mpangilio wa alfabeti huonekana kuwa kitu kidogo mno kiasi cha kutostahili kujadiliwa na wataalamu. Hudhaniwa kuwa ni ufundi wa karani, na kwamba yeyote ajuaye A hadi Z anaweza kuupanga na kuutumia. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Kupanga maneno kwa herufi ya kwanza ni utaratibu unaofaa sana lugha ambazo mwanzo wa neno hautikisiki. Katika lugha za Kibantu, ambazo maneno yake hubadilika kwa mbele, mtunga kamusi hulazimika kwanza kuamua mwanzo wa neno uko wapi. Uamuzi huo ndio unaoamua nani ataweza kuifungua kamusi na kupata anachokitafuta, na nani atabaki nje.

Songea ni mahali panapofaa kwa mjadala huu. Katika mkoa wa Ruvuma Kingoni huzungumzwa pamoja na Kimatengo, Kindendeule, Kiyao na lugha nyingine. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi na ya shughuli za kila siku, nacho Kiingereza ni lugha ya kufundishia katika sekondari. Mtu mmoja anaweza kukutana na mipangilio mitatu ya maneno bila ya kuambiwa kwamba ni mitatu.

2.0 Asili ya Mpangilio wa Alfabeti

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mpangilio wa kamusi ni makubaliano ya watu. Mwanaisimu al-Khalil ibn Ahmad, ambaye kwa mujibu wa mapokeo alizaliwa Oman na kufundisha Basra katika karne ya 8, aliuacha mpangilio wa kawaida wa herufi za Kiarabu alipoanzisha kamusi yake. Alizipanga herufi kwa kufuata mahali sauti zinapotamkiwa, akianza na ile aliyoiona kuwa inatoka ndani zaidi ya koo, yaani ‘ayn, na akamalizia na za midomo. Kamusi hiyo ikaitwa kwa jina la herufi yake ya kwanza. Karne kadhaa baadaye, katika kamusi kubwa ya Lisan al-Arab iliyokamilishwa na Ibn Manzur mwaka 1290, maneno yalipangwa kwa kufuata konsonanti ya mwisho ya mzizi. Wanazuoni hao walijua alfabeti yao vizuri. Waliiacha kwa sababu lugha yao hujengwa juu ya mizizi, nao walitaka kamusi ifuate umbo la lugha.

Kwa upande wa Kiingereza, kamusi ya lugha moja inayohesabiwa kuwa ya kwanza ni ile ya Robert Cawdrey, iliyochapishwa London mwaka 1604, yenye maneno magumu yapatayo 2,500. Cawdrey aliiandika kwa ajili ya wanawake na watu wengine ambao hawakupata elimu ya kutosha. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakudhani wasomaji hao walijua jinsi ya kutafuta neno. Katika utangulizi aliwaeleza kwamba yawapasa kwanza kuzijua herufi kwa mpangilio wake bila ya kutazama kitabu, na kujua ipi iko mwanzoni, ipi iko katikati na ipi iko karibu na mwisho. Utaratibu ambao leo huchukuliwa kuwa wa asili ulihitaji maelezo katika nchi ambako kamusi hiyo ilitungwa.

Hata baada ya hapo mpangilio haukutulia. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliyachanganya maneno yanayoanza kwa I na yale yanayoanza kwa J katika mfululizo mmoja, na akafanya vivyo hivyo kwa U na V. Katika Kihispania, ch na ll zilihesabiwa kuwa herufi kamili zenye sehemu zake katika kamusi, hadi mwaka 1994 ambapo jumuiya ya taasisi za lugha hiyo ilikubaliana kuziweka ndani ya C na L.

Kiswahili nacho kingeweza kuamua hivyo. Sauti zinazoandikwa dh, sh na ny ni sauti moja moja, ingawa kila moja huandikwa kwa herufi mbili. Kamusi zilizozoeleka huzipanga kwa kufuata herufi zinazoonekana. Hivyo ‘dhahabu’ hukaa kati ya ‘desturi’ na ‘dini’. Kama dh ingehesabiwa kuwa herufi inayojitegemea, ‘dhahabu’ ingesubiri hadi baada ya ‘dunia’. Ritifaa ya ng’ ikipuuzwa, ‘ng’ombe’ huingia kati ya ‘ngoma’ na ‘ngome’, isipopuuzwa, huhama. Msomaji asiyeambiwa kanuni hawezi kuikisia.

3.0 Maneno ya Kiingereza katika Mpangilio

Kanuni za kuyapanga maneno ya Kiingereza ni chache. Ya kwanza ni kulinganisha herufi ya kwanza, na zikilingana kwenda ya pili, kisha ya tatu, mpaka tofauti ipatikane. Ya pili ni kwamba neno linalokwisha hutangulia lile linaloendelea. Kwa kanuni hizo mbili, maneno matano yafuatayo hupangwa hivi: ‘king’, ‘knee’, ‘kneel’, ‘knife’, ‘know’. Ya tatu huhusu maneno yaliyoundwa kwa maneno mawili, na hapa watunga kamusi hutofautiana. Wapo wanaosoma herufi moja baada ya nyingine bila ya kujali nafasi iliyo kati ya maneno. Kwao utaratibu ni ‘ice’, ‘iceberg’, ‘ice cream’. Wapo wanaomaliza neno la kwanza kabla ya kutazama la pili. Kwao ‘ice cream’ hutangulia ‘iceberg’. Tatizo hili lipo katika Kiswahili pia: kwa njia ya kwanza ‘mwanachama’ hutangulia ‘mwana mpotevu’, na kwa njia ya pili hufuata.

Kanuni hizo hufanya kazi vizuri kwa Kiingereza kwa sababu ya umbo la lugha yenyewe. Mabadiliko yake mengi ya kisarufi hutokea mwishoni mwa neno. Maumbo ‘work’, ‘works’, ‘worked’, ‘working’ na ‘worker’ yote huanza kwa herufi zilezile nne, na kwa hiyo hukaa pamoja bila ya mtunga kamusi kufanya juhudi yoyote. Hata pale badiliko linapotokea katikati, kama katika ‘foot’ na ‘feet’, herufi ya kwanza hubaki. Yapo maneno yanayovunja utaratibu, kama ‘went’ ambalo ni la ‘go’, lakini ni machache na huweza kukaririwa. Kwa hiyo, katika Kiingereza, mpangilio wa alfabeti hufanya kazi mbili kwa pamoja: humwonyesha msomaji neno lilipo, na humwonyesha ndugu zake.

Kizuizi cha Kiingereza kiko kwingine, nacho ni tahajia. Herufi ya kwanza haipotei, lakini mara nyingi haisikiki au husikika kwa sauti ya herufi nyingine. Maneno ‘knife’, ‘write’, ‘hour’ na ‘psalm’ hayatamkwi kwa herufi zinazoyaanza. Sauti ya s inayosikika mwanzoni mwa ‘seat’, ‘city’ na ‘psalm’ humpeleka msomaji kwenye sehemu tatu tofauti za kamusi. Herufi C, ambayo katika Kiswahili sanifu hutokea pamoja na h tu, katika Kiingereza hufungua moja ya sehemu kubwa za kamusi, na maneno yake mengi husikika kama ya K au ya S.

Kwa mwanafunzi aliyefunzwa kusoma kwa Kiswahili ugumu huo huongezwa na mambo mawili. Kwanza, ufundishaji wa kusoma kwa Kiswahili umezoea kuanza na irabu a, e, i, o, u, kisha silabi ba, be, bi, bo, bu na kuendelea. Njia hiyo inafaa sana lugha yenye silabi wazi, na mtoto huweza kusoma ukurasa mzima vizuri bila ya kuhitaji kujua kama M iko kabla ya P au baada yake. Pili, anapofundishwa alfabeti ya Kiingereza hukutana na majina ya herufi yanayogongana na sauti anazozijua. Herufi A huitwa kwa jina linalosikika ‘ei’, E kwa jina linalosikika ‘i’, na I kwa jina linalosikika ‘ai’. Akitajiwa herufi kwa Kiingereza, mkono wake waweza kuandika E mahali pa A, na I mahali pa E. Akilikosa neno katika kamusi, huhesabiwa kuwa hajui Kiingereza, ilhali alichokosa ni ufunguo wa kamusi. Katika kidato cha kwanza, ambapo masomo mengi hubadilika lugha kwa mara moja, ufunguo huo si jambo dogo.

4.0 Mwanzo wa Neno katika Kiswahili

Kizuizi cha Kiswahili ni kinyume cha kile cha Kiingereza. Tahajia yake haimfichi msomaji kitu. Sarufi ndiyo inayomficha. Neno la Kiswahili hubadilika mbele. Kitenzi hutanguliwa na viambishi vya nafsi, njeo, urejeshi na yambwa, na herufi ya kwanza inayoonekana katika maandishi kwa kawaida si ya kitenzi chenyewe. Katika ‘hawatatusomea’, msomaji hana budi kuvuka viambishi vinne kabla ya kulifikia shina la ‘soma’. Katika ‘alipotuandikia’ mtego ni mkubwa zaidi: neno huanza kwa A, na kitenzi ‘andika’ nacho huanza kwa A, lakini A hizo mbili hazihusiani.

Kwa upande wa nomino, umoja na wingi huonyeshwa mbele: mtu na watu, kitu na vitu. Mara nyingine viambishi huungana na shina hata mpaka usionekane. ‘Mwizi’ ana shina -izi, lakini wingi wake ni ‘wezi’, ambamo irabu ya shina imemezwa. ‘Meno’ ni wingi wa ‘jino’, ‘nyuso’ ni wingi wa ‘uso’, ‘mbao’ ni wingi wa ‘ubao’. Mtu anayejua Kiswahili tangu utotoni hupita hapo bila ya kujikwaa; anayejifunza hukwama.

Watunga kamusi wamelishughulikia tatizo hili kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kupanga kwa mashina au kwa maneno ya asili. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo msingi wake ni kazi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na iliyoandaliwa chini ya Frederick Johnson, ilielekea upande huo: maneno mengi yaliyonyambuliwa yalikusanywa chini ya kitenzi yalikotoka. Msomaji aliyefika kwenye ‘pika’ aliikuta jamii nzima, ‘mpishi’, ‘upishi’ na ‘mapishi’, ikimsubiri mahali pamoja. Faida yake kwa mwanaisimu ni dhahiri, kwani humwonyesha jinsi lugha inavyozaa maneno. Lakini njia hiyo humdai msomaji ajue kwanza kwamba ‘mpishi’ ni wa ‘pika’, yaani kwamba k imegeuka sh. Mtu anayeyajua hayo, mara nyingi hana haja ya kulitafuta neno hilo.

Njia ya pili ni kuiweka kila nomino mahali pake kwa umbo lake la umoja. Hii ndiyo iliyofuatwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1981, na matoleo yake ya 2004 na 2013. Humo ‘mpishi’ hutafutwa katika M, ‘upishi’ katika U, na ‘pika’ katika P. Kamusi hiyo ilikuwa ya Kiswahili kwa Kiswahili, iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaoitumia lugha hiyo, na uamuzi wake ulimtazama msomaji wa kawaida. Gharama yake ni kwamba jamii za maneno hutawanyika. Mtu, kitu na utu, ambayo yote yana shina -tu, huishi mbali mbali, na sehemu ya herufi M hujaa nomino ambazo zina kiambishi kimoja tu cha kuzikutanisha.

Aidha, njia hiyo ya pili haikuweza kutumika kwa maneno yote. Vitenzi huingizwa bila ya ku-, na vivumishi vinavyochukua viambishi huingizwa kwa shina, vikitanguliwa na kistari. Kwa hiyo kamusi moja ina kanuni zaidi ya moja. ‘Mzizi’ hutafutwa katika M kwa kuwa ni nomino. ‘Mzuri’ hutafutwa katika Z kwa kuwa ni kivumishi. ‘Mgeni’ akiwa mtu huwa katika M, lakini katika ‘mji mgeni’ hutafutwa katika G. Kabla ya kulitafuta neno, msomaji hana budi kuijua aina yake, na aina ya neno ni mojawapo ya mambo anayoitazamia kamusi imweleze.

5.0 Maneno Yaliyohama

Maneno ya mkopo huonyesha vizuri jinsi herufi ya kwanza inavyotegemea macho ya lugha. Kiswahili kilipopokea maneno ya Kiingereza kiliyaandika kwa sauti, nayo yakahama sehemu zake katika kamusi. Herufi C ya Kiingereza iligawanyika: ‘committee’ likawa ‘kamati’ katika K, ‘cinema’ likawa ‘sinema’ katika S. Maneno mengine yalipewa ngeli. Duara la barabarani, ambalo madereva walilipa jina kutokana na agizo la Kiingereza la kushika upande wa kushoto, likawa ‘kipilefti’, na kwa kuwa lilianza kwa sauti ya ki, wingi wake ukawa ‘vipilefti’. Herufi ambayo katika Kiingereza ilikuwa sehemu ya neno, katika Kiswahili imekuwa kiambishi.

Mfano wa zamani zaidi ni ‘kitabu’. Katika Kiarabu neno hilo ni la mzizi wa k-t-b, pamoja na yale yaliyotupatia ‘katibu’ na ‘maktaba’, na kamusi za Kiarabu zinazofuata mizizi huyaweka yote mahali pamoja. Waswahili walisikia ki- na wakasema ‘vitabu’. Anayepanga kwa mashina ya Kiswahili angelazimika kuliweka neno hilo katika T, akimtenga kitabu na katibu wake. Anayepanga kwa neno zima hulibakiza katika K. Kila mpangilio huhifadhi historia moja na kuifuta nyingine. Mtunga kamusi huchagua ipi ihifadhiwe.

6.0 Kingoni na Lugha za Ruvuma

Hoja hizo hupata uzito zaidi katika lugha ambazo kamusi zake bado zinatungwa. Wangoni walifika katika nchi ya Songea katikati ya karne ya 19, wakiwa wametoka kusini mwa Afrika; kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835. Lugha yao ya asili ilikuwa ya jamii moja na Kizulu. Kwa kuishi pamoja na wenyeji na kuwaingiza katika jamii yao, lugha iliyobaki ikawa kwa kiasi kikubwa ya wenyeji, ikiwa na maneno kadhaa ya Kinguni. Mmisionari Cassian Spiss, mwanzilishi wa misheni ya Wabenediktini ya Peramiho mwaka 1898, aliyaandika maelezo ya Kingoni na Kisutu yaliyochapishwa Berlin mwaka 1904, mwaka mmoja kabla ya kuuawa katika Vita vya Majimaji. Mwaka 1909 ilifuata kamusi ya Kimatengo ya Johannes Häfliger. Kazi hizo ziliandikwa kwa Kijerumani, kwa msomaji wa Kijerumani aliyekuja na alfabeti yake. Msemaji wa Kingoni alikuwa chanzo cha maneno. Hakuwa mtu aliyetazamiwa kuyatafuta.

Leo hali ni tofauti. Deo Ngonyani alichapisha sarufi ya Chingoni mwaka 2003, na Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 ulitoa misamiati na kamusi za lugha kadhaa za nchi. Swali la mpangilio sasa linamhusu mwenye lugha. Nalo lina majibu zaidi ya moja.

Katika Kizulu, lugha ya ndugu wa kihistoria wa Wangoni, kamusi kubwa ya C. M. Doke na B. W. Vilakazi ya mwaka 1948 ilipangwa kwa mashina: ‘umuntu’ na wingi wake ‘abantu’ vyote huonekana katika N, chini ya -ntu. Kwa njia hiyo, ‘mundu’ na ‘vandu’ vya Kingoni, yaani mtu na watu, vingewekwa pamoja chini ya -ndu, na hapohapo vingekutana na ‘chindu’ na ‘vindu’, yaani kitu na vitu. Mpangilio huo ni nadhifu. Lakini kijana wa Songea hakufunzwa kusoma kwa Kizulu. Amezoea kamusi ya Kiswahili inayomwambia atafute ‘mtu’ katika M. Akipewa kamusi ya lugha yake inayomtaka atafute ‘mundu’ katika N, ataifunga kabla ya kuifahamu.

Kwa upande mwingine, kuiga mpangilio wa Kiswahili bila ya kufikiri kuna hatari yake. Katika Kiswahili, nomino nyingi za ngeli ya ji- na ma- hazina kiambishi katika umoja: ‘jani’, ‘tunda’, ‘shamba’. Kwa sababu hiyo hutawanyika katika alfabeti yote. Kingoni hudumisha kiambishi li- katika ngeli hiyo. Zikipangwa kwa neno zima, nomino hizo zitarundikana katika herufi L, kama zile za chi- katika C na za mu- katika M. Mpangilio ambao katika Kiswahili unavumilika, katika Kingoni huelemea herufi chache zaidi.

Tatizo jingine ni la tahajia. Lugha ambayo tahajia yake haijatulia haiwezi kuwa na mpangilio uliotulia. Mwandishi mmoja akiandika ‘vandu’ na mwingine ‘wandu’, neno lilelile huwa katika V kwa mmoja na katika W kwa mwingine. Jina la lugha yenyewe ni ushahidi wa kutosha. Chingoni, Kingoni na Ngoni ni jina moja lenye makao matatu katika orodha moja ya maktaba, na hali ni hiyohiyo kwa Kiswahili, kinachowekwa katika K na baadhi na katika S na wengine. Malcolm Guthrie aliukwepa ugumu huo kwa kuzipa lugha za Kibantu herufi na tarakimu, ambapo Kingoni ni N12 na Kimatengo ni N13. Hata hivyo, hakuna bibi anayeijua lugha yake kwa jina la N12.

7.0 Mchango wa Kompyuta

Huenda ikadhaniwa kwamba kompyuta imelimaliza suala hili. Kupanga orodha ndefu kwa herufi ni kazi ya nukta chache kwa mashine, lakini mashine hufuata namba zilizopewa herufi. Katika utaratibu wa awali wa kompyuta, herufi kubwa zote hutangulia ndogo. Orodha isiyosimamiwa huiweka ‘Zanzibar’ kabla ya ‘asali’. Kistari cha vivumishi na ritifaa ya ng’ navyo huhesabiwa au huachwa kwa kutegemea alivyoagiza mtu.

Mchango mkubwa zaidi umo katika utafutaji. Kuanzia miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitengeneza programu inayochambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, na mwaka 1994 Mradi wa Kamusi ulianza katika Chuo Kikuu cha Yale. Programu ya uchambuzi ikiunganishwa na kamusi, mtu huweza kuandika ‘wezi’ na kupelekwa kwenye ‘mwizi’. Hata hivyo, kabla ya hapo kuna mtu aliyeieleza mashine mwanzo wa neno uko wapi. Uamuzi uleule umefanywa, isipokuwa umefichwa zaidi. Na kwa lugha kama Kingoni, ambayo uchambuzi wake wa kimashine unahitaji kwanza msamiati uliokusanywa na kuandikwa kwa tahajia moja, kamusi ya karatasi haijapitwa na wakati.

8.0 Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza katika mjadala huu. La kwanza linahusu shule. Mpangilio wa alfabeti ni ujuzi unaofundishwa, na haupatikani kwa kujua kusoma tu. Mwanafunzi anayehamia kwenye Kiingereza anahitaji kuonyeshwa kwamba kule neno hutafutwa kwa jicho, si kwa sikio. Na kwamba katika Kiswahili neno hutafutwa baada ya kuvuliwa viambishi. Hayo ni mafunzo mawili, na hayafai kuchukuliwa kuwa moja.

La pili linahusu kamusi zilizopo. Kamusi haina budi kueleza kanuni yake ya mpangilio katika ukurasa wa mwanzo, kwa lugha nyepesi na mifano, kama alivyofanya Cawdrey kwa wasomaji wake. Aidha, maumbo yanayoficha shina, kama ‘wezi’, ‘meno’ na ‘ndimi’, yanastahili kuingizwa mahali yanapoonekana, yakifuatwa na agizo fupi la kumpeleka msomaji kwenye kidahizo husika. Nafasi itakayotumika ni ndogo, na msomaji atakayeokolewa ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kamusi.

La tatu linahusu kamusi za Kingoni na za lugha nyingine za jamii. Hapa mtunga kamusi si lazima achague kati ya mwanaisimu na msemaji. Nomino zinaweza kupangwa katika sehemu kuu kwa umbo kamili la umoja, kama msomaji alivyozoezwa na Kiswahili, na mwishoni kuongezwa faharasa ya mashina itakayowakutanisha mundu na chindu. Msemaji ataanzia mbele ya kitabu na mtafiti ataanzia nyuma. Kinachotakiwa ni kwamba, kabla ya kadi ya kwanza kupangwa, swali la mwanzo wa neno uko wapi liulizwe pamoja na lile la nani atakayelitafuta. Mpangilio usioulizwa maswali hayo huishia kumfuata msomaji wa mahali pengine, na mwenye lugha akawa mgeni katika kamusi yake mwenyewe.